Kasumba ya Chupa ya Meza Kuu

Katika kumbi za Musoma, Bunda na hata Butiama kuna kioja ambacho kimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayekishangaa tena. Mwalimu anastaafu, au afisa wa halmashauri anahamishwa, au binti wa mtumishi anaolewa. Kamati inaundwa, kadi za michango zinasambazwa maofisini na katika vyumba vya walimu, na kila aliyepokea kadi anatoa kiasi ambacho ataendelea kukikumbuka mpaka mwisho wa mwezi. Siku ikifika, ukumbi unakuwa na mataifa mawili. Kwenye meza kuu zimesimamishwa chupa za mvinyo kutoka ng'ambo, shingo zimevishwa riboni, lebo zimegeuzwa kuwaelekea watu. Kwenye meza za waliobaki kuna soda na bia. Chupa za meza kuu nyingi hazifunguliwi. Zile zinazofunguliwa hunywewa nusu glasi, tena kwa kukunja uso, na shughuli ikiisha kila moja hutafutiwa mkoba wa kuingia.

Chupa hizo hazikununuliwa ili zinywewe, zimenunuliwa ili zionekane. Aliyezilipia ni yule mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, ambaye hakuulizwa anapenda kinywaji gani wala hakupewa glasi ya kuonja.

Atatokea wa kusema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba mvinyo ni anasa isiyostahili kujadiliwa na watu wenye kazi. Maneno hayo yangekuwa na uzito kama watumishi wa umma wasingekuwa wakiununua. Wanaununua. Wanaununua kila Jumamosi ya msimu wa harusi, katika maduka ya Mukendo na katika maduka yaliyopangana kando ya barabara kuu ya Bunda, na wanaununua vibaya. Mtu akinunua mchele huonja punje, akinunua kitenge huvuta nyuzi, akinunua sato hutazama jicho na shavu. Akifika kwenye rafu ya mvinyo, elimu yote humtoka. Hutazama bei, hutazama herufi za kigeni, akachukua ile ya ghali kuliko zote ambayo fedha ya kamati inaweza kuifikia. Huo ndio ugonjwa unaostahili kupigwa vita, maana unakula mishahara ya watu na hauwapi hata starehe waliyoilipia.

Kiini chake ni imani kwamba bei na umbali wa mahali kilipotoka kitu ndivyo vinavyopima ubora wake. Imani hiyo haina msingi, na mvinyo wenyewe unaikanusha waziwazi. Mzabibu mweupe uliopandwa kwa wingi kuliko mwingine wowote Afrika Kusini unaitwa Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa. Mzabibu huohuo, kwa jina hilohilo, umestawi Dodoma kwa miaka mingi, katika mashamba ya wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Chamwino. Syrah, ambao Wafaransa wa bonde la Rhône hujivunia, nao uko Dodoma. Basi bwana mkubwa anayeiacha chupa ya Dodoma yenye jina la Chenin Blanc na kuichukua ya Rasi yenye jina la Chenin Blanc, kwa sababu tu ya pili ni ya ng'ambo, amechagua kati ya ndugu wawili wa tumbo moja kwa kutazama viatu vyao.

Yafaa historia hii ifahamike, kwa kuwa wengi huizungumzia Dodoma kana kwamba imeanza kulima zabibu juzi. Mizabibu ilianza kushika mizizi pale katika miaka ya 1950, kwa mkono wa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana waliohitaji divai ya misa. Kutoka misheni kilimo kilienda katika gereza la Isanga, na kutoka gerezani kikafika kwa wanavijiji. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa mahali pa kujaribia mbegu, na jina la kituo hicho ndilo linalobebwa na zabibu nyekundu inayopendwa zaidi na wakulima wa huko. Dodoma ina jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawana: kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa kwa ratiba huvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kuanzia Februari au Machi na mara ya pili Agosti na Septemba. Ukame, ambao kwa mkulima wa mahindi ni laana, kwa mzabibu ni kinga dhidi ya ukungu. Ndiyo maana Musoma haiwezi kushindana nayo, ingawa miji yote miwili imekaa karibu kimo kimoja, kiasi cha mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Unyevu wa Ziwa ungeuozesha mzabibu ukiwa na maua.

Mkulima huyo wa Dodoma ana mkasa wake. Shirika la umma la mvinyo, DOWICO, lililokuwa tegemeo lake katika miaka ya 1980, lilishindwa kuendelea, na mavuno yakabaki bila mnunuzi wa uhakika. Viwanda vya watu binafsi vilikuja baadaye, kama Cetawico huko Hombolo na Alko Vintages mjini, lakini uwezo wao wa kununua umekuwa ukipanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020 kilio cha zabibu kukosa soko kilisikika msimu baada ya msimu. Zabibu si mtama. Haikai ghalani ikingoja bei. Ikiiva ina siku chache tu, na isipokamuliwa ikawa mchuzi wa zabibu ndani ya tangi, huishia kwa ndege. Wakati huohuo ukumbi wa Bunda unapamba meza yake kwa chupa iliyovuka bahari.

Kuhusu bahari hiyo, watu wa Mara wanalo jambo la kukumbuka ambalo mikoa mingine haina. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano uliofanyika London, ilizinduliwa harakati ya kususia bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Mmoja wa wasemaji wa mkutano ule alikuwa kijana wa Butiama, Julius Nyerere, ambaye nchi yake yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Waingereza waliombwa waache kununua matunda, sigara na mvinyo wa makaburu. Mvinyo haukutajwa kwa bahati mbaya. Katika mashamba ya Rasi kulikuwa na desturi iliyoitwa dop, ambayo kibarua mweusi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa vikombe vya mvinyo duni, asubuhi, mchana na jioni, mpaka familia kwa vizazi zikawa watumwa wa pombe na wa bwana shamba kwa pamoja. Starehe ya meza ya London ilikuwa imekamuliwa kutoka katika maini ya watu.

Mambo yamebadilika. Tangu 1994 Afrika Kusini ni nchi huru, ni ndugu katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, na hakuna anayedai leo kwamba kununua chupa yake ni dhambi. Zipo chupa za huko zilizo nzuri kwa bei ya haki, na mwenye kuzipenda kwa ulimi wake ana haki ya kuzinywa. Kinachosemwa hapa ni kwamba kususia kule kuliwafundisha watu kuuliza swali moja dukani: kitu hiki kimetoka wapi, na nani aliyekipata faida? Swali hilo liliulizwa na mtu wa Butiama mbele ya wanunuzi wa London. Linashindikana nini kuulizwa na wanunuzi wa Butiama?

Kasumba ya pili inahusu ukali. Lugha yenyewe imechangia. Neno mvinyo liliingia Kiswahili kutoka kwa Wareno, na kwa muda mrefu kamusi zililieleza kuwa kileo kikali chochote. Divai lilitoka kwa Wafaransa, likabaki zaidi kanisani. Waini ni la Waingereza, nalo limebaki mdomoni mwa wahudumu wa hoteli. Kwa hiyo si ajabu kwamba mnywaji wa Musoma, akipewa mvinyo wa kawaida wenye kilevi cha asilimia 12, husema «huu ni maji», akaagiza ule ulioongezwa pombe kali mpaka ukafika asilimia 16 au zaidi. Kundi hilo la pili, lenye wekundu mzito na sukari nyingi, linajulikana mpaka vijijini. Dompo ya Dodoma ni mfano wake. Hakuna ubaya kuwapo kwake. Wareno wameuza mvinyo wa namna hiyo kutoka mji wa Porto kwa karne kadhaa, na watu huunywa kidogokidogo baada ya chakula, katika kiglasi cha vidole vitatu. Ubaya ni kuunywa kwa bilauri kama bia. Nchi hii imekwisha kuona mwisho wa kupima kinywaji kwa nguvu zake: viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa hata karibu na shule, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017 baada ya kuwaharibu vijana wasiohesabika.

Hesabu ni rahisi, na walimu wa hisabati wanaweza kuwasaidia wenzao. Nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Glasi ya mvinyo ya mililita 125 yenye asilimia 12 ina 15. Chupa nzima ya mililita 750 ina 90, yaani zaidi ya bia tatu na nusu za nusu lita. Anayejigamba kwamba amemaliza chupa peke yake kisha akapanda pikipiki kurudi Nyasura amejipima mwenyewe.

Kasumba ya tatu ndiyo inayoudhi kuliko zote, kwa sababu inasemwa na wasomi. Husemwa kwamba Mwafrika hapendi isipokuwa kitamu, na kwamba mvinyo mkavu, yaani ule ambao sukari yake yote imegeuzwa kilevi na chachu, ni wa ulimi wa Mzungu. Msemaji wa maneno haya hajala Mara. Huu ni mkoa wa ugali wa mtama na wa muhogo uliovundikwa, wa maziwa mgando yenye uchachu wa kukunja jicho, wa mgagani ambao uchungu wake ndio unaousifia. Wazee wa Kikurya waliketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na pombe ile haikuwa na sukari hata chembe. Ilikuwa chachu, ilikuwa na ukakasi, na waliijua nzuri na mbaya bila kusoma lebo. Ulimi uliolelewa hivyo unauelewa mvinyo mkavu kuliko ulimi uliolelewa kwa soda. Ni soda, si Uafrika, iliyowafundisha watu kwamba kinywaji lazima kiwe kitamu.

Pamoja na hayo, anayependa kitamu anywe kitamu, wala asione haya. Kumcheka mtu kwa sababu anapenda mvinyo mtamu ni ubwanyenye uleule uliovaa joho jingine. La maana ni kujua jina la kile unachokipenda ili usilipie usichokipenda. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza: «dry» ni mkavu, «semi-sweet» ni wenye utamu wa wastani, «sweet» ni mtamu, na «fortified» ni ule ulioongezwa nguvu. Maneno manne hayo, pamoja na asilimia ya kilevi na jina la nchi zilikotoka zabibu, yanamtosha mnunuzi. Mapambo mengine yote ya lebo, yaani ngao, simba, ngome na medali za dhahabu, si lazima yakueleze chochote juu ya ladha.

Maadam ulimi ndio mwamuzi, ipewe nafasi meza yenyewe.

Meza ya Musoma kwanza ni samaki. Sato wa kuchoma mwenye ndimu na chumvi, sangara wa kukaanga, dagaa wa kukausha: vyote hivyo vinataka mvinyo mweupe mkavu, baridi sana, wenye uchachu wa kufanya kazi ya ndimu. Chenin Blanc ya Dodoma hapa iko nyumbani. Ni kweli kwamba joto hupunguza uchachu wa zabibu, na zipo chupa za Dodoma zilizolala kama chai isiyo na majani. Anayekutana na chupa ya namna hiyo aikamulie samaki ndimu zaidi, na safari nyingine ajaribu kiwanda kingine. Mvinyo mwekundu wenye ukakasi mwingi haupatani na samaki wa mafuta. Mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni, na watu wengi wa ziwani walioamua kwamba hawapendi mvinyo kumbe walionjeshwa mwekundu juu ya sangara.

Kwa nyama ya kuchoma, ya mbuzi au ya ng'ombe wa Tarime na Serengeti, mambo hugeuka. Mafuta ya nyama hulainisha ukakasi, na mvinyo mwekundu mkavu wa Makutupora, au Syrah kama mfuko unaruhusu, hufanya tonge la pili liwe na ladha kama la kwanza. Hapa kuna kosa moja linalorudiwa katika kila hoteli. Vitabu vya Ulaya vinasema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Vitabu hivyo vilikuwa na maana ya chumba cha nyumba ya mawe huko kaskazini, chenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Musoma saa nane mchana ni nyuzi 28 au zaidi, na katika joto hilo mvinyo wowote huwa mzito, unawasha kooni na kunuka kilevi. Chupa nyekundu iingizwe kwenye jokofu kwa nusu saa kabla ya kunywewa. Pasipo na jokofu, ndoo ya plastiki yenye maji, barafu na konzi ya chumvi hufanya kazi hiyo upesi zaidi. Mhudumu akicheka, acheke.

Pilau na vyakula vya viungo na pilipili havitaki ukali wala ukakasi, maana pilipili huchochewa na vyote viwili. Mweupe wenye utamu wa wastani ndio unaofaa, nao ndio mvinyo wa salama kwa kundi la watu wenye ladha mbalimbali, kwa mfano walimu ishirini wanaoagana na mkuu wa shule. Keki ya harusi ni jambo jingine. Kanuni yake haina mjadala: mvinyo uwe mtamu kuliko keki, la sivyo utaonekana mchungu. Wale wanaofungua chupa kavu ya gharama kubwa na kuinywa juu ya keki yenye sukari ya rangi tatu wamemwaga fedha ya kamati chini.

Na kamati hizo zihesabu. Chupa moja hutoa glasi sita za mililita 125. Wageni 60, kila mmoja glasi moja ya kumtakia heri anayeagwa, ni chupa 10 tu. Lakini Mara ni mkoa wa Wasabato wa Majita na Ikizu, wa Wamenoniti walioanzia Shirati mwaka 1934, wa Waislamu wa Musoma mjini, na wa wengine wengi ambao hawanywi kwa imani, kwa dawa wanazotumia au kwa hiari yao. Mara nyingi nusu ya ukumbi haitagusa. Basi chupa tano au sita zinatosha kuwapa wanaokunywa wote, meza kuu na meza ya mlangoni, glasi ileile kutoka chupa ileile. Wasiokunywa wapewe maji ya matunda yaliyokamuliwa vizuri, katika glasi nzuri, badala ya soda ya moto iliyosahauliwa chini ya meza. Jambo hili nalo ni sehemu ya kuchagua vinywaji, na kamati nyingi hulisahau.

Kwa fedha ya chupa tatu za fahari kamati ingeweza mara nyingi kupata hizo zote tano au sita za Dodoma. Sababu si muujiza. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umekuwa mdogo sana kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini, na mkubwa kwa mvinyo mwingine. Anayenunua chupa ya ng'ambo analipia meli, lori, dalali na ushuru kabla hajalipia zabibu yenyewe. Katika chupa ya bei ya kati, sehemu inayoingia mdomoni ni ndogo kuliko anavyofikiri.

Wala mwalimu wa Nyamuswa au karani wa Butiama asidhani kwamba mvinyo lazima ungoje sherehe. Chupa moja ya kawaida, ikizibwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, hukaa siku mbili tatu baada ya kufunguliwa. Ukiwa umegeuka kidogo, una siki nzuri ya kachumbari. Mvinyo wa boksi, ambao watu huudharau kwa kuwa haugongi ukiwekwa mezani, hukaa wiki kadhaa kwa sababu mfuko wake wa ndani hunywea bila kuingiza hewa. Kwa watu wawili wanaokunywa glasi moja kila mmoja Jumamosi jioni, huo ndio uchumi. Na kifuniko cha kusokota si alama ya uduni. Sehemu kubwa ya mvinyo wa New Zealand, ambao bei yake ingemshtua afisa yeyote, hufungwa hivyo. Kizibo cha gome kina raha ya mlio wake, lakini hakuna anayekunywa mlio.

Liko kabati la vyombo pale sebuleni, lenye mlango wa kioo, ambamo chupa ya mvinyo imesimama miaka sita ikimngoja mgeni wa heshima. Mwenye nyumba ameambiwa kwamba mvinyo hukomaa ukizeeka. Hukomaa ule uliotengenezwa kwa nia hiyo, nao ni mchache na ghali. Mvinyo wa kawaida umetengenezwa ili unywewe katika mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, na ule wa kabatini, uliopigwa na jua la saa kumi kila siku, umekwisha kufa. Mgeni atakapokuja atakunywa maiti, na kwa adabu atasema ni mzuri.

Hapa hapana budi kuwageukia wale wa upande wa pili, ambao uzalendo wao umewapofusha. Kwao chupa yoyote iliyoandikwa Dodoma ni lazima isifiwe, na anayelalamika ni kibaraka. La hasha. Kumlazimisha mtu kunywa mvinyo mbaya kwa jina la taifa ni kumtukana mkulima aliyevuna zabibu nzuri ikaharibiwa njiani. Zipo chupa za nchini ambazo ni sukari na rangi tu. Zipo lebo zinazotaja mji kwa herufi kubwa na kuficha kwa herufi za siafu habari za zabibu zenyewe. Viwanda vinavyofanya hivyo vinafanya hujuma, na adhabu yao ni kuachwa rafuni.

Wafanyabiashara nao wana lao. Katoni hutoka Dodoma ikapita Singida, Shinyanga na Mwanza juu ya lori lililofunikwa turubai, kisha ikifika Bunda au Musoma hupangwa dirishani, mahali pa jua kali kuliko pote dukani, ili ionekane na wapita njia. Joto na mwanga ndivyo maadui wakubwa wa mvinyo. Wiki chache dirishani zinatosha kuufanya mweupe uwe na rangi ya chai na ladha ya matunda yaliyopikwa, na mnunuzi akiuonja hulaani Dodoma, wakati wa kulaaniwa ni mwenye duka. Mnunuzi mwerevu huomba chupa kutoka stoo, iliyolala gizani, na akiona kizibo kimeanza kujisukuma nje au mvinyo unavuja shingoni, huirudisha palepale. Yeye ni mteja, haombi fadhila.

Butiama ina tarehe ambazo wageni hufika kwa wingi Mwitongo: 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu mwaka 1922, na 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Wageni hao hutoka mikoani na nje ya nchi, na wengi wao hulala Musoma au Bunda, hukaribishwa chakula, hupewa glasi. Mavuno ya pili ya Dodoma hukatwa Agosti na Septemba. Zabibu za msimu huo zitakuwa bado zinachemka matangini Oktoba itakapofika, lakini zile za Machi zitakuwa tayari ndani ya chupa. Kamati za mapokezi zikiandika oda zao Julai, zikamwambia mwenye duka wa Mukendo kwamba zinataka mweupe mkavu kwa ajili ya samaki, mwekundu mkavu kwa ajili ya nyama na mtamu kidogo kwa ajili ya wazee, na kwamba hazitapokea katoni iliyokaa dirishani, atakuwa na miezi mitatu ya kuutafuta.